Kuinama kwa Uwanja wa Mferejini

Jumamosi ya tarehe 24 Agosti 1996, saa tatu asubuhi, Mzee Filemon aliondoa mawe kwenye mlango wa mfereji, akayaachia maji yaingie uwanjani. Maji yalichukua saa moja na nusu kuenea. Watu wa Mferejini, Kibosho, walisimama pembeni, wanaume wamekunja suruali, wanawake wamepandisha kanga magotini, wakasubiri. Maji yalipotulia, Zita aliingia na fimbo aliyoitia alama kwa misumari. Alipima kwenye goli la juu, katikati, kwenye kona zote nne na kwenye goli la chini.

"Msumari wa pili," alisema kila aliposimama, na Mwalimu Elifuraha akaandika.

Mzee Filemon alikuwa mkuu wa mfereji kwa miaka thelathini na moja. Aligawa zamu za maji kwa kaya mia moja na kumi na alikuwa na daftari la zamu hizo. Pima maji ya fundi hakuwahi kuishika. Aliposomewa vipimo aliagiza maji yatolewe kabla nyasi hazijaharibika, kisha akaenda kunywa chai. Uwanja ulikuwa sawa.

Kabla ya hapo ulikuwa mteremko kama kila kitu kingine Kibosho. Kipa wa goli la chini alimwona kipa mwenzake kama mtu aliyepanda juu ya meza. Kwa wiki saba, kila Alhamisi na Jumamosi, kijiji kizima kilitoka msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Walichimba upande wa juu na kubeba udongo kwenda chini kwa karai, kwa magunia na kwa toroli mbili za parokia. Masista walileta uji. Hata waliokuwa hawaujui mpira walichimba, kwa sababu Mzee Filemon aliandika majina ya waliokosa, na asiyefika msaragambo zamu yake ya maji ilisogezwa.

Tatizo lilikuwa urefu. Fomu ilitaka mita mia moja, na uwanja ulikuwa na themanini na sita. Mita kumi na nne zilizobaki zilitoka kwenye kihamba cha Zita, shamba la urithi la ukoo, upande wa chini, na ndani yake kulikuwa na mibuni themanini na minne. Ilipandwa na baba mkwe wake. Zita mwenyewe aliipogoa kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa bibi shamba mwenye stashahada kutoka chuo cha kilimo, na mwaka uliotangulia serikali ilimpunguza kazini pamoja na wenzake kumi na mmoja. Alijua mbuni unahitaji miaka mingapi kuanza kuzaa. Alinoa panga na shoka mwenyewe, na kwa siku mbili mibuni yote ikawa kuni.

Alifanya hivyo kwa sababu ya ahadi. Mwezi Juni timu ya kijiji, Mfereji Stars, ilitwaa ubingwa wa kanda. Kwa utaratibu wa zamani, bingwa wa kanda aliingia ligi ya taifa moja kwa moja. Lakini mwaka ule iliundwa Kamati ya Muundo wa Baadaye wa Ligi, na kamati ilisema ligi ya baadaye itakuwa na timu kumi na mbili tu, na kila timu iwe na uwanja ulio sawa, wa mita mia moja, ambao ni mali ya timu na si mali ya mtu. Katibu wa kamati alikuwa Wenseslaus, mdogo wa marehemu mume wa Zita. Alipanda kutoka Dar es Salaam, akakaa jikoni kwa Zita na kula ndizi.

"Shemeji, nafasi ya kanda ni yenu," alisema. "Kilichobaki ni uwanja tu."

"Nani amesema?"

"Mimi. Muundo nauandika mimi."

Zita hakuhitaji zaidi. Alitia sahihi karatasi ya kuikabidhi timu ile mita kumi na nne, na wazee wa ukoo wakatia zao. Shedrack naye alitia sahihi. Alikuwa kitinda mimba wa Zita, na kwa desturi kihamba kingekuwa chake. Alikuwa pia kipa wa Mfereji Stars, na alikuwa na miaka ishirini na miwili.

"Kata, mama," alisema. "Nikidaka ligi ya taifa, nitakununulia miche kitalu kizima."

Jumamosi ya mwisho ya Septemba, Mwalimu Elifuraha aliona mipira ya kona haikai. Alikuwa mtu wa Mwika aliyeletwa kufundisha shule ya msingi, akaoa hapohapo na kufanywa kocha. Aliuweka mpira kwenye kona ya juu, na kabla ya kupigwa ukaondoka wenyewe, polepole, ukaelekea goli la chini. Alimwita Mzee Filemon. Maji yakafunguliwa. Zita akapima. Kwenye goli la juu maji yalifika msumari wa kwanza. Kwenye goli la chini yalifika wa tatu.

Hakukuwa na mvua wiki ile, wala ardhi haikutetemeka. Udongo haukuwa umepasuka popote. Uwanja wote ulikuwa umeinama kwa pamoja, kama sinia linaloinuliwa upande mmoja.

"Tangu lini?" Mzee Filemon aliuliza.

"Alhamisi," Shedrack alijibu. "Mchana niliacha mpira kwenye goli la juu nikaenda kula. Niliporudi ulikuwa goli la chini."

Mzee Filemon aliandika Alhamisi kwenye daftari lake. Jioni, redio ilisema kwamba siku hiyo ya Alhamisi Kamati ya Muundo wa Baadaye wa Ligi ilifanya kikao chake cha kwanza Dar es Salaam, na kwamba kikao kilikuwa na mafanikio. Aliandika hilo pia, kwenye mstari uleule.

Watu walirudi na majembe. Kwa siku mbili waliusawazisha, wakapima, ikawa msumari wa pili kila mahali. Tarehe 17 Oktoba kamati ilikaa tena, na uwanja ukainama hadi maji ya goli la chini yakamfikia Zita kwenye ugoko. Wakausawazisha tena. Wiki iliyofuata kamati ilikutana kwa dharura, na watu walipotoka kanisani Jumapili waliuangalia uwanja, wakaangaliana.

"Mwalimu, sisi hatuwezi kufukuzana na vikao," alisema Monica, mke wa Mzee Filemon. "Wao wanakaa kwenye viti. Sisi tunabeba udongo."

Mwalimu Elifuraha alikubali. Aliamua kwamba kuanzia hapo timu zitabadilishana magoli mara tatu badala ya mara moja, ili kila upande upate mteremko kwa haki. Wachezaji walizoea upesi. Mawinga walijifunza kupiga krosi juu zaidi. Mabeki wa upande wa chini walijifunza kusimama mguu mmoja ukiwa umekunjwa.

"Kipa wa chini apewe nyama mbili," Shedrack alisema. "Huku mpira unakuja hata refa akipuliza."

"Wewe daka, aisee," walimjibu. "Ukikosa utaufuata Moshi mjini."

Zita hakucheka. Alikuwa amekwisha kulisoma daftari la Mzee Filemon, na tarehe za kuinama zililingana na za vikao kama tarehe za zamu. Jumatatu alivaa viatu vya mjini, akashuka Moshi, akapanga foleni posta na kupiga simu Dar es Salaam. Saa tano na dakika kumi alimpata Wenseslaus ofisini.

"Shemeji, uwanja unainama."

"Mvua hizo."

"Hakuna mvua. Unainama mkikaa kikao. Nafasi yetu bado ipo?"

"Ipo."

"Wenseslaus, nimekata kahawa."

"Ipo, shemeji. Nakuhakikishia. Ningekuficha wewe? Watoto hawajambo?"

Alisema hawajambo, akakata simu kwa kuwa nyuma yake watu walikuwa wanakohoa. Aliporudi nyumbani alasiri alikuta mbuzi wawili wa Monica wamening'inia kwa kamba kwenye goli la juu, wakila nyasi kwa taabu. Monica alimweleza kwamba walikuwa wamefungwa pale wakila vizuri, na kwamba kabla ya saa sita, saa tano na kitu hivi, uwanja uliteremka kwa kishindo kidogo kama cha mtu anayekaa kitandani.

"Saa tano na dakika ngapi?" Zita aliuliza.

"Mimi sina saa, Mama Shedrack. Nilikuwa naweka maharage motoni."

Zita aliwafungua mbuzi. Hakumwambia mtu kuhusu simu, isipokuwa kwamba shemeji yake amesema nafasi ipo.

Mkaguzi wa viwanja alifika tarehe 13 Novemba na gari la kamati. Alikuwa mtu mpole mwenye koti la mvua. Siku tatu kabla, kijiji kilikuwa kimetoka tena na majembe, na asubuhi ile Mzee Filemon alikuwa amepima: msumari wa pili kila mahali. Mkaguzi alipewa kiti kando ya meza, na chai. Alitandaza fomu magotini, akaeleza kwamba chombo chake cha kupimia kiko Arusha, kwa hiyo angetumia gololi. Aliiweka gololi kwenye alama ya katikati. Ilikaa. Aliipa dakika nzima, akaandika.

Kisha aligeuza ukurasa na kusoma kwa sauti. "Timu inayopendekezwa na kamati. Hapa wameshaandika." Aliinamia karatasi vizuri zaidi, akafunika maandishi kwa kiganja.

Uwanja uliinama. Kikombe cha mkaguzi kilisogea mezani na Zita akakidaka. Mkaguzi aliinuka, akahamisha kiti chake upande wa juu wa meza, akakaa tena. Gololi ilikuwa imeondoka. Waliiona ikipita kwenye duara la katikati, ikapita kwenye boksi la penalti, ikaingia goli la chini.

Mkaguzi alikata alichokuwa ameandika na kuandika upya.

"Uwanja umeinama," alisema.

"Asubuhi ulikuwa sawa," alisema Mwalimu Elifuraha. "Na dakika tano zilizopita ulikuwa sawa. Umeona mwenyewe."

"Nimeona, Mwalimu. Lakini fomu haina sehemu ya asubuhi."

"Timu gani imependekezwa?" Zita aliuliza.

"Mama, mimi ni wa viwanja."

Alimaliza chai, akashukuru na kupewa mkungu wa ndizi, kwa kuwa mgeni haondoki Kibosho mikono mitupu.

Desemba watu wa mjini walianza kupanda. Kila mwaka huwa hivyo: wiki ya Krismasi Wachagga wote walioko Dar, Arusha na Mwanza hurudi vihambani, magari hujaa kwenye njia za migomba, na wazee hupata sukari ya mwaka. Wenseslaus alifika tarehe 24, saa kumi jioni. Hakuingia kwake kwanza. Alikuja moja kwa moja kwa Zita, akasimama mlangoni akiwa amevua kofia. Mkononi alikuwa na jani la isale lililofungwa fundo.

Isale hupandwa mipakani na kwenye makaburi, na jani lake ndilo Mchagga hulipeleka kwa mtu aliyemkosea. Analipeleka bila maneno mengi. Aliyekosewa akilipokea, amesamehe, na jambo halitajwi tena, si kwa wazee wala kwa padre wala kwa mahakama. Kulikataa ni kitu ambacho Zita alikisikia kimefanyika mara moja tu, na nyumba ya aliyekataa ilikuwa bado haina mtu. Mwenye kupokea haulizi kosa ni lipi. Wote wawili wanalijua, ndiyo maana wamesimama pale.

Zita alidhani analijua. Mume wake alipozikwa, miaka minne nyuma, Wenseslaus hakuja. Alikuwa kwenye mkutano wa mpira Harare, akatuma salamu kwa simu ya maandishi, na jeneza la kaka yake lilibebwa na majirani. Kwa miaka minne Zita alingoja mtu huyu aseme neno. Sasa alikuwa mlangoni na jani, macho yamemwiva.

"Shemeji," Wenseslaus alisema. "Naomba unipokee."

Zita alifuta mikono kwenye kanga. Alilipokea jani kwa mikono miwili, akaingia ndani na kuliweka chini ya picha ya marehemu. Kisha akatoka na kumwambia, "Ingia. Kuna mtori."

Wenseslaus alikula mabakuli mawili ya supu ile ya ndizi. Shedrack alikuja kumwamkia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, kipa. Mikono iko salama?"

"Iko salama. Tunangoja ligi."

"Vizuri," alisema Wenseslaus. "Kijana lazima awe na matumaini."

Nje, uwanja ulikuwa umetulia. Zita alikumbuka hilo baadaye. Siku ile haukusogea hata kidogo, kwa sababu siku ile Wenseslaus hakusema uongo.

Orodha ilisomwa redioni Ijumaa ya tarehe 17 Januari 1997, saa mbili na robo usiku, baada ya taarifa ya habari. Timu zilikuwa kumi na mbili. Nafasi ya kanda ilipewa Tela United ya Himo, timu ya mwenye malori mmoja anayevusha mahindi mpakani. Ilikuwa imeanzishwa Septemba. Haikuwa imecheza mechi hata moja ya kanda. Msomaji alieleza kwamba Muundo wa Baadaye wa Ligi unazitazama timu kwa uwezo wao wa baadaye, na kwamba bingwa wa kanda aliondolewa kwa kukosa uwanja ulio sawa. Kisha alitaja kwamba uamuzi ulifikiwa kwa kauli moja tarehe 26 Septemba.

Zita alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea mpaka zikaisha. Tarehe 26 Septemba ilikuwa ile Alhamisi ya kwanza.

Nje kulisikika kishindo, kirefu kuliko vyote. Watu walitoka na taa. Uwanja ulikuwa umeinama kiasi kwamba mtu aliyesimama goli la chini aliuona kama ukuta wenye nyasi, na mtu aliyetaka kwenda goli la juu ilimbidi ashike nyasi kwa mikono. Nguzo za magoli zilibaki zimesimama wima kwa uwanja, kwa hiyo zilikuwa zimelala kwa watu. Mfereji, uliopita nyuma ya goli la juu, uliendelea kupita bila kumwaga tone. Mzee Filemon aliukagua kwa tochi, akasema zamu za kesho ziko palepale.

Jumapili, baada ya misa ya pili, kikao kilifanyika nyumbani kwa Mzee Filemon. Zita alikuwa ameandika rufaa kurasa mbili, kwa mwandiko wake wa ripoti za kilimo. Ilikuwa na tarehe zote, vipimo vyote kwa misumari, na jina la Wenseslaus mara saba.

"Naomba sahihi za wazee," alisema. "Halafu nataka ukoo uniandikie kwamba mita zangu kumi na nne zilitolewa kwa ahadi, na aliyeahidi alikuwa amekwisha kuuza nafasi. Nataka ardhi yangu irudi."

Wazee hawakushika kalamu. Mzee Filemon aliisoma karatasi yote, akaikunja.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Mwanangu, Krismasi alikuletea nini?"

Zita alinyoosha mkono aichukue karatasi yake.

"Tulimwona anapita na jani. Nauliza tu kama ulilipokea."

"Nililipokea kwa ajili ya mazishi."

"Alisema ni kwa ajili ya mazishi?"

"Hakusema. Ningeuliza vipi, baba? Tangu lini mtu anauliza?"

"Hakuna anayeuliza," Mzee Filemon alikubali. "Ndiyo desturi. Na ukishapokea umesamehe alichokuja nacho, si ulichokidhania. Hatuwezi kuweka sahihi juu ya isale. Leo tukimfanyia yeye, kesho nani atapeleka jani kwa nani?"

"Alijua," Zita alisema. "Alikuwa anajua nitadhani nini."

"Alijua," wazee walisema, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyebisha. Monica aliyekuwa mlangoni alitukana kwa Kichagga tusi ambalo wazee walijifanya hawakulisikia. Kisha ikaulizwa kama kuna mengineyo, na yalikuwapo, kwa sababu kaya mbili zilikuwa zinagombania zamu ya Jumanne.

Zita alirudi nyumbani. Alilitoa jani chini ya picha. Lilikuwa bado la kijani. Alifikiri kulirudisha, lakini hajatokea mtu aliyewahi kurudisha msamaha, na hakujua angelishikaje. Alilirudisha mahali pake na kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Mwezi Machi gari la Tela United lilipanda kutoka Himo. Lilikuwa lori jipya lenye picha ya mpira ubavuni. Mtu wao wa usajili alikuwa na fomu nne, kwa mshambuliaji, kwa mabeki wawili na kwa kipa. Alisema wachezaji wa Mferejini wana kitu ambacho timu nyingine hazina. Wakicheza uwanja ulio sawa wanaruka kama wamefunguliwa minyororo.

Shedrack alikuja jikoni na fomu.

"Mama, ukisema nisiende, siendi."

"Ukibaki utafanya nini?"

Alifikiri. Kahawa ya upande wa juu haikutosha watu wawili, na wanunuzi binafsi walioanza kupita walikuwa wanaipima kwa mizani waliyokuja nayo wenyewe. "Nitabeba mizigo ya Wazungu mlimani," alisema.

"Basi nenda ukadake."

"Ni timu yao, mama."

"Najua ni timu ya nani. Nilikata mibuni themanini na minne ili udake ligi ya taifa. Nenda ukadake. Soksi zako zimekauka?"

Aliondoka kesho yake akiwa nyuma ya lori na wenzake watatu. Mwaka ule Tela United ilimaliza nafasi ya tano, na redio ilimtaja Shedrack mara nyingi, kila mara kama kipa wa Himo.

Mfereji Stars iliendelea na wachezaji waliobaki, katika ligi ya wilaya. Timu za wageni zilikuja, zikaangalia uwanja, zikauliza zianzie wapi. Hakuna iliyogoma. Zilipewa kipindi cha kwanza kushambulia kwenda chini, na nyingi zilichoka kwa kupanda kabla ya kupewa kingine cha kushuka. Mwalimu Elifuraha alifunga kamba kwenye mstari wa katikati ili refa ashike. Alipendekeza kijiji kiuchimbe tena, lakini kwa mwinuko ule udongo wa kuhamisha ungejaza bonde, na Mzee Filemon aliuliza utakaa sawa kwa vikao vingapi. Zita alikwenda mara moja kwenye ofisi ya kijiji kuomba apande mibuni kwenye zile mita kumi na nne, kwa makinga maji, kwa sababu sasa ilikuwa ardhi ya mteremko na yeye alikuwa na cheti cha kilimo cha mteremko. Alionyeshwa sahihi yake. Ardhi ilikuwa ya timu.

Tarehe 26 Desemba 1997 ilichezwa mechi ya kila mwaka kati ya waliobaki nyumbani na waliorudi kutoka mjini. Nyumba ya Zita ilikuwa jirani kabisa na goli la chini, kwa hiyo meza iliwekwa barazani kwake, kama miaka yote. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimetulia kwa siku mbili. Waliorudi walicheza na jezi za kampuni zao. Shedrack alisimama goli la chini amevaa jezi ya Tela, na kila mtu akamshangilia, hata Monica.

Wenseslaus alikuwa mezani. Hakuna aliyemnyima kiti, maana alikuwa amesamehewa. Watoto wa ukoo walimwamkia. Mbege, pombe ya ndizi, ilimfikia kwenye kata kwa zamu yake, baada ya wazee na kabla ya vijana. Zita aliitoa sufuria ya mtori jikoni kwa mikono yake miwili, akaanza kupakua.

"Shemeji," Wenseslaus alisema, akiangalia mpira unavyoteremka. "Muundo unabadilika tena."

"Unabadilika vipi?"

"Kumi na mbili ni chache. Wadhamini wanataka ishirini. Nafasi ya Mferejini iko wazi kabisa safari hii. Nimeiandika kwa mkono wangu."

Meza ilisogea kidogo. Wazee walishika vikombe vyao bila kuacha kuzungumza. Mzee Filemon alitoa daftari mfukoni, akaangalia saa ya jirani na kuandika.

"Lakini viwanja sasa ni mita mia moja na kumi," Wenseslaus aliendelea. "Mmebakiza kumi tu. Zinatoka hapa upande wa chini."

Zita aligeuka kuangalia upande wa chini. Mita kumi kutoka kwenye mstari wa goli zilichukua choo, banda la ng'ombe na ncha ya baraza walipokuwa wamekaa. Zilichukua pia masale manne yaliyopandwa kwenye pembe za kaburi.

"Pale kuna kaka yako," alisema.

"Siku hizi wanahamisha, shemeji. Barabara ya Dar wamehamisha mangapi? Kuna utaratibu."

"Hapana."

"Usijibu haraka."

"Nimejibu. Hapana."

Wenseslaus alipokea kata ya mbege, akanywa, akafuta midomo. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu wa nyumbani.

"Nimeshaongea na wazee, Zita. Wamekubali. Tuliona wewe uambiwe mwishoni ili sikukuu isikuharibikie."

Zita aliwaangalia wazee. Walikuwa wanaangalia mpira. Mzee Filemon aliangalia daftari lake, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba ya mwaka uliotangulia hakuwa anaandika.

Chini yao ardhi ilianza kwenda, taratibu, na safari hii ilikuja na baraza. Viti vilisaga sakafu. Shedrack, golini, alishika nguzo. Wachezaji ishirini na mmoja walilala kifudifudi na kushika nyasi, na mpira ukapita katikati yao, ukaruka uzio na kupotea kwenye migomba. Refa aliangalia saa yake na kuongeza dakika.

Zita aliishika sufuria kwa kanga ili mtori usimwagike. Alisubiri mpaka ardhi ilipotulia. Kisha aliliinamisha bakuli la Wenseslaus kinyume na mteremko mpaka likakaa sawa, akampakulia.